Pedali ya Upande wa Abiria

Kwa miaka kumi na tisa Baba Pacha alifundisha watu kuendesha magari, na kwa miaka hiyo yote kazi yake kubwa ilikuwa kukaa kwenye kiti cha abiria na kukanyaga breki. Gari la mafunzo lilikuwa dogo, jeupe, lenye ubao wa njano juu ya paa, na upande wa abiria fundi alikuwa amefunga pedali ya pili ya breki ili mwalimu aweze kuokoa maisha yake na ya wapita njia. Raba ya pedali ile ilishalika zamani, kikabaki chuma kinang'aa. Hata nyumbani, akiwa kwenye kochi anatazama mechi, beki akichelewa kurudi, mguu wa kulia wa Baba Pacha ulikanyaga zulia kwa nguvu. Watoto wake pacha walimwigiza mbele ya wageni, naye hakukasirika. Ndiyo kazi, alisema. Hata fundi cherehani hukupima mabega kwa macho kabla hajakusalimia.

Mtaani alijulikana kwa jambo jingine: kwamba ndiye aliyemfundisha mke wake kuendesha. Alijulikana hivyo kwa sababu alilisema mwenyewe, harusini, msibani, kwa kinyozi na kwenye foleni ya benki. Miaka kumi na minne iliyopita Mama Pacha alikuwa binti wa kufunga mikate kwenye kiwanda cha mikate, akaja kujifunza udereva, na siku ya tatu gari likamshinda mlimani, likarudi nyuma kuelekea meza ya muuza nyanya. Baba Pacha akakanyaga. Nyanya zikapona, na mwaka uliofuata wakaoana. Sasa Mama Pacha alikuwa dereva wa gari la mikate, na mtu akisifu jinsi anavyolipitisha gari kubwa lile kwenye vichochoro bila kugusa ukuta, Baba Pacha alikohoa kidogo. Asiposikika, alikohoa tena.

Basi siku moja tajiri wa kiwanda akamwita Mama Pacha ofisini, akampa barua. Nje ya mji kulikuwa na uwanja wa mbio za magari, na wenye uwanja walitaka kuanzisha mafunzo kwa madereva wa makampuni: kuendesha kwa kasi, kufunga breki kwa ghafla, kuliokoa gari likiteleza. Walikuwa wanatafuta mkufunzi msaidizi mmoja. Kila kampuni ilitakiwa kuleta dereva wake bora, watu kumi kwa jumla, wafundishwe siku mbili kwenye magari ya michezo, na atakayeshinda wenzake ndiye angeajiriwa. Kazi ya kuanza saa mbili asubuhi, kama watu. Mama Pacha alikuwa ameamka saa kumi alfajiri kwa miaka kumi na mmoja, na pacha wake walikuwa hawajawahi kuamshwa na mama yao siku ya shule.

Jioni ile alikuwa anakunja mashati ya shule. Akasema bila kuinua kichwa, "Nataka ile kazi."

Mama Pacha hakuwa mtu wa kusema nataka. Mumewe alilijua hilo, na ndiyo maana alijibu haraka, "Vizuri sana, mke wangu." Lakini mkono wake ulishaifuata ile barua. Miaka kumi na tisa ya kufundisha, na nusu ya madereva wa mji ule wamepita mkononi mwake, halafu barua ya ukufunzi inakwenda kwa dereva wa mikate! Aliisoma mara mbili akitafuta kama jina lake limetajwa popote. Halikutajwa.

"Imesema siku ya pili kila mtu aje na ndugu mmoja," Mama Pacha alisema. "Utakuja?"

"Nitakuja zote mbili. Lazima nione wanakufundisha nini."

Siku ya kwanza walifika mapema. Uwanja ulikuwa mpana, lami yake nyeusi bila shimo hata moja, jambo ambalo Baba Pacha aliliona kama dharau kwa watu wanaoendesha barabara za kweli. Magari yalipangwa mbele ya banda refu: mawili mekundu, moja la kijivu, yote yamelala chini kiasi kwamba kuingia ndani yake ulilazimika kujikunja kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Dereva wa lori la soda alikwama mlangoni na kusukumwa na wenzake wawili. Mama Pacha aliingia mara moja tu, na usukani ukamkaa mkononi utadhani kaununua yeye.

Kisha akatokea mkufunzi mwenyewe, waliyemwita Kocha. Baba Pacha alikuwa amejiandaa kukutana na mwanaume mrefu, mwenye kifua, wa miwani ya jua. Wivu wa namna hiyo angejua pa kuanzia. Aliyetokea alikuwa mzee mfupi, mwenye kitambi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na sauti yake ndogo mpaka watu walisogea karibu kumsikia. Hakuwa na kitu cha kuonea wivu hata kimoja, isipokuwa kwamba alikuwa anajua. Dakika tano za kumsikiliza zilitosha. Baba Pacha, aliyesimama nje ya uzio na mikono yake mfukoni, akatambua kwamba mzee yule anajua mambo ambayo yeye hajawahi kuyasikia, na roho ikamuuma papo hapo.

Kocha aliwauliza wanafunzi mmoja mmoja ni nani aliyewafundisha kuendesha. Dereva wa lori la soda akasema mjomba wake. Dereva wa ambulansi, kijana mmoja mtulivu mwenye mikono mirefu, akasema alifundishwa jeshini. Ikafika zamu ya Mama Pacha. Baba Pacha akatoa mikono mfukoni, akaiweka sawa kola ya shati.

"Mkate," Mama Pacha alisema.

"Mkate?"

"Ndiyo. Ukifunga breki vibaya mikate inabonyea, na mwenye duka anakurudishia. Mkate ndio umenifundisha."

Watu wakaangua kicheko. Kocha alicheka mpaka akavua miwani akaifuta, na kuanzia hapo siku nzima hakusema tena "kuweni laini na usukani." Alisema, "Fikirieni mkate." Mwanafunzi akikata kona kwa pupa, Kocha alipaza kile kisauti chake, "Umebonyeza mkate wa watu!" na kicheko kikaanza upya. Nje ya uzio Baba Pacha alitabasamu kwa sababu mlinzi alikuwa anamtazama. Moyoni alikuwa na kijiba ambacho hata maji ya baridi hayakukishusha. Mkate! Yeye ni mtu mzima, ana leseni ya kufundishia iliyowekwa kwenye fremu sebuleni, na ameshindwa na mkate.

Mambo yaliharibika zaidi baada ya chakula cha mchana. Mama Pacha alikuwa anakaribia kona kwa kupunguza mwendo mapema na polepole, kama alivyofundishwa mlimani miaka ile. Kocha akamsimamisha, akainama dirishani.

"Mama, breki unaiogopa. Aliyekufundisha hivi naye alikuwa mwoga. Hapa tunakanyaga kwa nguvu, mara moja, gari likiwa limenyooka. Halafu tunaachia taratibu huku tunaingia. Umenielewa?"

"Sawa, mwalimu," Mama Pacha alisema, akaenda, akafanya kama alivyoambiwa.

Gari likaingia kwenye kona kama limevutwa kwa kamba na kutoka upande wa pili bila hata tairi kulia. Kocha akaigonga saa yake ya kupimia, akaitazama, akaigonga tena kana kwamba imeharibika. Wenzake walipiga makofi. Baba Pacha alibaki na maneno mawili masikioni, mwoga na mwalimu, na kila moja lilikuwa limemwendea mtu asiyestahili.

Jioni mezani hapakuwa na habari nyingine. Kocha kasema hivi, Kocha kasema vile. Mama Pacha alichukua sahani, akaweka kijiko juu yake, akaionyesha familia jinsi uzito wa gari unavyokimbilia mbele ukifunga breki, na jinsi matairi ya nyuma yanavyobaki mepesi, na jinsi mtu akigusa breki katikati ya kona gari linavyoweza kugeuka na kutazama lilikotoka. Kijiko kikaanguka. Pacha walitoa macho, wakasahau kula.

"Hayo nilishakwambia," alisema Baba Pacha.

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Siku ile ya mlimani."

"Baba Pacha, siku ya mlimani uliniambia nimwombe Mungu."

Watoto wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Baba yao naye alicheka, kwa mdomo tu. Watoto walipokwenda kulala akaona hawezi kulala na jambo lile kifuani.

"Kwa hiyo ni mkate uliokufundisha."

Mama Pacha akaweka chini kitambaa cha kufutia vyombo. "Nilikuwa natania jamani. Ningesema ni mume wangu, na mume wangu mwenyewe kasimama pale kwenye uzio, wangeniona mtoto aliyeletwa shule. Ile kazi naitaka. Nataka wanione mimi."

Jibu lilikuwa na akili, na ndiyo maana halikumsaidia kitu. Kama lingekuwa la kijinga angeligombania, wakalala wamenuniana, asubuhi wakapatana. Badala yake alilala macho wazi akimsikiliza mkewe anavyopumua kwa amani, na akajikuta anamwonea wivu hata kwa usingizi wake.

Siku ya pili ilikuwa ya kupimwa. Kila mtu alizunguka uwanja mara tatu peke yake, na Kocha akaandika muda wao kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa bandani. Kufikia saa sita walikuwa wamebaki wawili tu wa kugombea: Mama Pacha na dereva wa ambulansi. Mzunguko wa mwisho ndio ungeamua, na huo ulitakiwa kuendeshwa ukiwa na abiria. Kocha alieleza sababu: mkufunzi huwabeba watu wenye woga kila siku, kwa hiyo alitaka kuona nani anaweza kwenda kasi huku amebeba mtu wake wa karibu, na mtu huyo ashuke hajatapika.

"Jambo moja," alisema, akafungua mlango wa abiria wa gari jekundu. Chini kulikuwa na pedali moja. "Hii breki ni yangu, ya kuokolea wanafunzi. Leo haina mwenyewe. Abiria, miguu nyuma, visigino viguse kiti. Mtu asiiguse." Kisha akamgeukia Baba Pacha na kutabasamu. "Nasikia wewe mzee mwenzangu ni mwalimu wa udereva. Basi wewe ndiye ninayekuogopa kuliko wote."

Watu wakacheka. Baba Pacha akacheka zaidi yao. "Miaka kumi na tisa, Kocha. Pedali isiyo yangu naijua."

Dereva wa ambulansi alitangulia, amembeba dada yake. Alikwenda vizuri. Muda wake ukaandikwa ubaoni, na dada mtu akashuka ameshikilia mlango lakini hajatapika. Ikaja zamu ya Mama Pacha. Baba Pacha akajikunja, akaingia, akavalishwa kofia ngumu na kufungwa mikanda minne kifuani, akarudisha miguu nyuma mpaka visigino vikagusa chuma cha kiti. Mama Pacha hakumtazama. Alikuwa anatazama mbele, mbali, mahali ambapo kwa macho ya mumewe hapakuwa na kitu.

Wakaondoka. Kona ya kwanza ilikuja kwa kasi ambayo Baba Pacha hakuwahi kuiona maishani, Mama Pacha akakanyaga breki kwa nguvu, akaachia taratibu, na gari likapita. Kona ya pili vilevile. Mguu wa Baba Pacha ulitaka kwenda, akauzuia, nao ukatulia. Walipomaliza kona ya tatu aligundua jambo ambalo hakulitegemea: hakuwa na hofu. Mwili wake wote ulikuwa umestarehe kitini. Katika maisha yake alikuwa amekaa na maelfu ya madereva na hajawahi hata siku moja kukaa hivi.

Afadhali angeogopa. Aligeuza shingo akamwona mkewe kwa pembeni, chini ya kofia, na mkewe alikuwa anatabasamu. Kilikuwa kitabasamu kidogo cha mtu aliyeko peke yake chumbani na anachokipenda. Hajawahi kutabasamu hivyo kwenye gari jeupe, wala kwenye gari la mikate, wala, kama atasema ukweli, kwenye nyumba yao. Kitabasamu kile alikuwa amekitoa mzee mwenye kitambi kwa siku mbili. Wivu ukampanda kutoka tumboni mpaka machoni, akaona giza.

Walikuwa wanaingia kwenye kona ndefu ya mwisho, Mama Pacha ameshikilia mafuta kidogo tu ya kulituliza gari. Ndipo mguu ukaenda. Baba Pacha aliijua tofauti vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Kwa mazoea, mguu hutangulia na fikra hufuata. Safari hii fikra ilitangulia. Aliuona mguu ukienda, akauacha uende.

Matairi ya nyuma yakateleza. Uwanja ukazunguka mbele ya kioo, uzio, banda, anga, uzio tena, na majani yakapigapiga chini ya miguu yao, kisha kimya. Walikuwa wamesimama kwenye nyasi wakitazama walikotoka, injini imezima, vumbi linawapita.

"Umeumia?" Mama Pacha aliuliza. Ndilo neno lake la kwanza.

"Hapana."

"Samahani," alisema. "Samahani, baba. Sijui nimefanya nini."

Hakuna tusi Baba Pacha alilowahi kutukanwa lililomchoma kama ile samahani, na bado akainama tu kufungua mikanda yake.

Bandani Kocha alikuwa na kompyuta ndogo iliyoandika kila kilichofanywa na gari. Aliwaita wote wawili, akaweka kidole kwenye mistari miwili, mmoja wa mafuta na mmoja wa breki.

"Hapa, mama. Mafuta bado yamekanyagwa, na breki nayo imekanyagwa, kwa wakati mmoja. Siku mbili hizi wewe umetumia mguu mmoja kwa pedali zote mbili. Mguu mmoja hauwezi kufanya hivi." Akainua macho juu ya miwani. "Mzee, hukugusa kitu?"

"Mimi? Hapana," alisema Baba Pacha. "Miguu ilikuwa nyuma."

Mama Pacha aliitazama ile mistari kwa muda mrefu. Halafu akaviangalia viatu vya mumewe, cha kulia kwanza, kisha cha kushoto. Usoni hakumwangalia.

"Labda nilichanganya miguu," alimwambia Kocha.

Kocha akashusha pumzi. Ilionekana wazi kwamba imemuuma. "Haya. Tunywe chai, halafu nitangaze."

Watu wakaenda kwenye chai. Mama Pacha alikwenda nyuma ya banda, kwenye bomba la kuoshea magari, akavua viatu, akawa anaosha uso kwa maji mengi kuliko uso unavyohitaji. Baba Pacha akamfuata na kusimama hatua tatu nyuma yake.

"Ulinifundisha wewe," Mama Pacha alisema, amempa mgongo. "Mguu mmoja, pedali mbili, zisikanyagwe pamoja hata siku moja. Ulinipiga rula kwenye goti, unakumbuka? Mimi siwezi kuchanganya. Hata nikiwa nimelala siwezi."

"Najua."

"Sasa niambie uliogopa. Nimekwenda kasi mno, ukaogopa, mguu ukakanyaga wenyewe. Niambie hivyo, mimi nitaelewa. Tutarudi nyumbani na hatutaongea tena habari hii."

Alikuwa amemfungulia mlango, na mlango wenyewe ulikuwa mpana. Baba Pacha alimwona mkewe mgongoni, blauzi imelowa jasho mahali mikanda ilipombana, akajua kwamba akisema "niliogopa" atasamehewa leo hii hii. Alifungua mdomo kulisema.

"Sikuogopa," alisema. "Ulikuwa unaendesha vizuri. Vizuri mpaka nikaumia. Nilikuonea wivu, mama. Nikakanyaga."

Maji yaliendelea kutoka bombani. Mama Pacha akalifunga, akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu.

"Kamwambie Kocha."

"Nimwambie..."

"Hayo hayo uliyoniambia. Usije ukaenda huko ukasema uliogopa."

Kutoka bombani mpaka bandani ni hatua kama arobaini, na Baba Pacha alizipiga kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Watu walikuwa wameketi kwenye mabenchi na vikombe vyao. Alisimama mbele ya Kocha, yule yule mzee wa kitambi, mtu wa mwisho duniani ambaye angependa kumwambia neno lile.

"Kocha, ile breki ni mimi. Mguu uliteleza."

Kabla hajameza mate alimwona Mama Pacha kwenye kona ya banda, viatu mkononi, anamtazama.

"Haukuteleza," alisema tena, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye birika la chai. "Niliupeleka mwenyewe. Nilimwonea wivu."

Dereva wa lori la soda akapaliwa na chai. Kocha alivua miwani. "Mkeo?"

"Mke wangu. Na wewe."

"Na mimi?"

"Na wewe pia."

Hakuna aliyecheka. Kocha aliifuta miwani kwa muda, akaivaa, akamtazama Baba Pacha kwa namna ya mtu anayetazama gari lililogongwa na kupiga hesabu ya matengenezo. "Hilo la kwangu," alisema, "tutalizungumza siku nyingine." Akamgeukia dereva wa ambulansi. "Kijana, mzunguko wake umeharibiwa na abiria. Kwa haki anatakiwa kurudia. Una neno?"

Dereva wa ambulansi aliweka kikombe chini. "Arudie. Mimi sitaki kazi ya kupewa na mguu wa mtu."

Abiria wa mzunguko ule alikuwa Kocha mwenyewe. Alijikunja akaingia kwenye kiti alichokalia Baba Pacha nusu saa iliyopita, akafunga mikanda, akarudisha miguu nyuma, akasema neno fulani lililomfanya Mama Pacha aitikie kwa kichwa. Baba Pacha alikuwa amesimama kwenye uzio. Usidhani wivu ulikuwa umemtoka kwa sababu ameutaja. Ulikuwapo, mzima, na sasa kila mtu pale alijua jina lake.

Gari likaondoka. Katika miaka kumi na minne Baba Pacha hakuwahi kutulia nje akamtazama mkewe akiendesha, na siku hizi mbili macho yake yalikuwa kwa Kocha. Zamani alikuwa ubavuni pake, mguu tayari. Sasa aliona gari jekundu likishuka kwenye kona ya kwanza, na akawa anaendesha naye kichwani: sasa breki, sasa achia, sasa usukani. Kona ya pili vilevile, sasa breki, sasa achia. Kwenye kona ya tatu alisema "breki" na gari halikufunga breki. Lilifanya jambo jingine, likapita, likatoka mbele zaidi ya pale alipolitegemea, na kutoka hapo kila alichokisema kilikuwa kimeshachelewa. Akaacha kusema. Akatazama tu, vidole vyake vimeshika waya wa uzio.

Kocha alishuka, akaenda ubaoni, akaandika namba kwa chaki. Dereva wa ambulansi aliisoma, akacheka peke yake, akamwendea Mama Pacha na kumpa mkono. Wenzake wakamzunguka. Kocha alikuwa ameshaleta karatasi za ajira na anatafuta kalamu kwenye mifuko yake yote.

Mama Pacha akawaacha kidogo, akaja mpaka kwenye uzio, kofia ngumu kwapani, nywele zimelala kichwani kwa jasho. Hakuwa amesamehe, ilionekana kwa jinsi alivyosimama. Lakini kuna mambo mtu huyafanya kwa sababu ameyafanya miaka mingi.

"Nimeendeshaje?" aliuliza.

Kila mwanafunzi humwuliza hivyo Baba Pacha mwisho wa somo, na hajawahi kukosa jibu. Kosa huwa lipo, hata la kusahau kutazama kioo. Alilitafuta sasa, alilitafuta kwa bidii, akarudi kwenye kona moja baada ya nyingine.

"Sijui," alisema mwishowe. "Nimekufuata mpaka kona ya tatu. Baada ya hapo sikuelewa unafanya nini."

Mama Pacha alisubiri kidogo, maana sentensi za mumewe kuhusu udereva wake huwa zina "lakini" inayokuja nyuma. Safari hii haikuja. Akageuka, akaenda kusaini.